Kigezo Kabla ya Mkasi: Historia ya Kugawanya Programu Kubwa

Desemba 1972 jarida la Communications of the ACM lilitoa makala ya kurasa sita iliyoandikwa na David Parnas, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Parnas alichukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa: inasoma mistari ya maneno, inazungusha kila mstari ili kila neno lipate zamu ya kutangulia, kisha inaipanga mistari yote kwa alfabeti na kuichapa. Akaigawanya mara mbili. Mara ya kwanza alifuata hatua za kazi, akapata moduli ya kusoma, ya kuzungusha, ya kupanga, ya kuchapa, na moja ya kuziongoza zote. Mara ya pili aliacha hatua hizo na kuuliza ni uamuzi gani ndani ya programu unaoweza kubadilika siku za mbele, kisha akaufungia kila uamuzi wa namna hiyo ndani ya moduli yake. Alipopima mabadiliko yanayotarajiwa, kwa mfano namna mpya ya kuhifadhi mistari kwenye kumbukumbu ya kompyuta, mgawanyo wa kwanza ulidai karibu kila moduli ifumuliwe, na wa pili ukadai iguswe moja tu. Programu zote mbili zingetoa faharasa ileile. Kilichozitofautisha ni mahali mipaka ilipopita.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu makala hiyo, na katika muda huo zimeundwa zana nyingi za kusaidia kugawanya programu kubwa: lugha zenye moduli, programu za kuchora ramani ya utegemezi, algoriti za kukusanya faili katika makundi, vyombo vya kukagua mipaka. Historia ya zana hizo husimuliwa mara nyingi kama safari ya kutoka zana dhaifu kwenda zana zenye nguvu. Naamini masimulizi hayo yanaficha jambo kubwa zaidi. Kila zana imebeba kigezo fulani cha mahali pa kukata, hata pale ambapo waundaji wake hawakukitamka, na kufaulu au kushindwa kwake kumefuata ubora wa kigezo hicho kuliko wepesi wa hesabu zake. Mkasi mkali haumwambii fundi cherehani pa kupitisha mkato. Hilo lazima alijue kabla hajakishika kitambaa.

Kigezo cha mwanzo kabisa kilikuwa marudio. Kompyuta ya EDSAC ilipoanza kufanya kazi Cambridge, Uingereza, Mei 1949, Maurice Wilkes na wenzake walitambua upesi kwamba hesabu zilezile zilikuwa zikiandikwa upya kila siku: kipeuo cha pili, sini ya pembe, uchapaji wa namba. David Wheeler akabuni njia ya programu kuruka kwenda kwenye kipande kilichoandikwa kando na kurudi mahali ilipotoka. Vipande hivyo, vilivyotobolewa kwenye utepe wa karatasi, vikawa maktaba, na mwaka 1951 Wilkes, Wheeler na Stanley Gill wakatoa kitabu kilichoieleza maktaba hiyo kwa wengine. Kukata palipo na marudio lilikuwa jambo la busara, na bado ni la busara. Lakini kigezo hicho kinahusu kazi ambazo programu nyingi zinazihitaji kwa pamoja. Hakisemi lolote kuhusu programu moja iliyokuwa kubwa kiasi cha kuandikwa na mamia ya watu.

Programu za namna hiyo zilikuja katika miaka ya 1960, na mfano uliosomwa kuliko yote ni OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta ambazo IBM ilizitangaza Aprili 1964. Fred Brooks, aliyeusimamia, alieleza baadaye kwamba kilele cha kazi kiliwakusanya watu zaidi ya 1,000. Kugawanya hapa kulimaanisha kugawana kazi: kila kundi lilipewa sehemu yake, kisha likahitaji kujua kinachoendelea katika sehemu za wenzake. Kitabu cha kumbukumbu za mradi kilipewa kila mtu ili asome yote, na ndani ya nusu mwaka kikafikia unene wa futi tano, huku kurasa za kubadilishwa zikiingia kila siku. Katika kitabu chake cha 1975, Brooks alilitaja wazo la Parnas la kumficha mwandishi undani wa sehemu zisizo zake, akalikataa kwa maneno makali. Kwake, usalama wa mradi ulikuwa katika kila mtu kuona kila kitu. Toleo la miaka 20 lilipotoka mwaka 1995, aliandika wazi kwamba Parnas alikuwa sahihi na yeye alikosea. Ushahidi huu una uzito wa pekee kwa sababu unatoka kwa mtu aliyekuwa na rasilimali zote za kampuni kubwa kuliko zote katika biashara ya kompyuta. Hakukosa zana wala watu. Alikosa kigezo cha kuamua nani asihitaji kujua nini.

Mwaka 1968, kabla ya makala ya Parnas, dalili za tatizo hili zilionekana mara mbili. Oktoba mwaka huo wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na NATO, wakajadili kwa nini programu kubwa huchelewa na kuharibika. Miezi michache kabla yake, Melvin Conway alikuwa amechapisha katika jarida la Datamation hoja kwamba taasisi inayobuni mfumo hutoa muundo unaofanana na njia zake za mawasiliano. Kama ni timu nne zinazoandika kompaila, yaani programu ya kutafsiri msimbo kwa ajili ya mashine, kompaila hiyo itapita mara nne juu ya msimbo. Hoja ya Conway imekuwa maarufu, lakini mara nyingi huchukuliwa kama ushauri wa kupanga timu. Kwa swali letu, inafundisha kwamba mradi usiochagua kigezo chake hubaki na kigezo hata hivyo, nacho ni orodha ya idara.

Baada ya 1972 wazo la kuficha maamuzi liliingia ndani ya lugha zenyewe. Barbara Liskov na wanafunzi wake katika MIT walibuni CLU; maabara ya Xerox PARC ikatengeneza Mesa; Niklaus Wirth, baada ya kukaa Xerox na kuiona Mesa, akarudi Zurich na kubuni Modula-2; na Wizara ya Ulinzi ya Marekani ikadai Ada, ambayo vifurushi vyake vilitenga kinachoonekana nje na kilichofichwa ndani. Mwaka 1975 Frank DeRemer na Hans Kron walikwenda mbele zaidi: walisema kuandika moduli moja na kuunganisha moduli nyingi ni kazi mbili tofauti, na kwamba hii ya pili inastahili lugha yake. Lugha zote hizi zina sifa moja inayofaa kuangaliwa. Hakuna hata moja iliyodai kujua mpaka upite wapi. Zilimwachia mwanadamu uamuzi huo, kisha zikaikabidhi kompaila kazi ya kuulinda. Mtu aliyegusa kitu cha ndani ya moduli ya mwenzake alikataliwa papo hapo, bila mkutano wala barua. Tofauti kati ya mpaka ulioandikwa katika waraka na mpaka unaolindwa na kompaila ni kubwa, kwa sababu wa kwanza hudumu hadi siku ya haraka, na siku za haraka katika kazi ya programu ni nyingi.

Hata hivyo lugha mpya hazikuzisaidia programu zilizokwisha kuandikwa. Benki, majeshi na mashirika ya simu yalikuwa na mamia ya maelfu ya mistari ya msimbo ambayo waandishi wake walikwisha kuondoka. Hapo ndipo lilipozaliwa tumaini la zana inayogawanya yenyewe. Msingi wa kinadharia ulikuwapo: mwaka 1974 Wayne Stevens, Glenford Myers na Larry Constantine walikuwa wameeleza kwamba moduli nzuri ina mshikamano mkubwa wa ndani na mfungamano mdogo na nje. Sifa hizo mbili zilionekana kama zinahesabika. Mwaka 1985 David Hutchens na Victor Basili wa Chuo Kikuu cha Maryland walionyesha namna ya kukusanya taratibu za programu katika makundi kwa kufuata data zinazoshirikiana. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Spiros Mancoridis, Brian Mitchell na wenzao wa Chuo Kikuu cha Drexel wakatoa zana iliyoitwa Bunch. Iliusoma msimbo, ikachora grafu ya nani anamwita nani, kisha ikatafuta mgawanyo wenye alama za juu kabisa. Ugumu wa kazi hiyo si wa kudharauliwa. Vitu 5 vinaweza kugawanywa katika makundi kwa njia 52. Vitu 15 vina njia 1,382,958,545. Haiwezekani kuzipitia zote kwa programu yenye faili 1,000, kwa hiyo Bunch ilikisia na kuboresha makisio yake hatua kwa hatua.

Zana hizi zilitoa picha zenye manufaa, na mtu aliyekabidhiwa msimbo asioujua alipata mahali pa kuanzia. Kilichokosekana ni kile alichokisema Parnas. Grafu ya utegemezi inaeleza programu ilivyo leo. Kama msimbo umechakaa kwa njia za mkato, algoriti inachukua njia hizo za mkato kama ushahidi wa ujirani halali na kuziwekea ukuta wa kuzizunguka. Faili mbili zinazoitana mara nyingi zinaweza kuwa pamoja kwa sababu zinatunza siri moja, au zinaweza kuwa pamoja kwa sababu mtu mmoja alichoka siku moja miaka kumi iliyopita. Grafu huzionyesha hali hizo mbili kwa mstari uleule. Zana iliyopewa kigezo cha mfungamano wa leo haina namna ya kuona mabadiliko ya kesho, hata ikiongezewa kasi mara elfu.

Mtu anaweza kupinga kwamba hoja hii inamtaka mwanadamu afanye lisilowezekana. Programu ya mistari milioni haimkai mtu kichwani, na kumwambia aamue mipaka kwa busara yake ni kumtupa msituni bila dira. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake lilipatikana mwaka 1995 katika kazi ya Gail Murphy na David Notkin wa Chuo Kikuu cha Washington, pamoja na Kevin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Virginia. Waligeuza mpangilio wa kazi. Mhandisi ndiye anayeanza kwa kuchora programu anavyoifikiria: sehemu chache, mishale kati yake. Kisha anaeleza ni faili zipi ziko katika sehemu ipi. Zana inalinganisha mchoro wake na msimbo halisi na kumrudishia mahali panapopatana, mahali ambapo msimbo una mshale asioutarajia, na mahali ambapo mshale alioutarajia haupo. Mhandisi wa Microsoft aliitumia njia hii kuichunguza Excel, programu iliyokuwa na zaidi ya mistari milioni moja ya lugha ya C, kwa lengo la kuona kama vipande vyake vingeweza kutolewa na kutumiwa kwingine. Mashine ilifanya kazi ya kusoma yote, ambayo mwanadamu haiwezi. Mwanadamu alibaki na kazi ya kusema anachokusudia, ambayo mashine haiwezi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: labda mashine inaweza kuyaona mabadiliko pia. Mwaka 1998 Harald Gall, Karin Hajek na Mehdi Jazayeri wa Vienna walichapisha uchunguzi wa historia ya matoleo ya mfumo mkubwa wa mawasiliano ya simu. Walitafuta sehemu zilizobadilika pamoja toleo baada ya toleo, hata kama hakuna iliyomwita mwenzake moja kwa moja. Leo kila mradi unatunza historia ya kila badiliko, na zana za aina hii ni nyingi na nzuri. Nakubali kwamba zimesogeza mbele kazi kuliko zile za grafu peke yake. Lakini sababu ya mafanikio hayo inaunga mkono hoja ninayoitetea: zinaona zaidi kwa sababu zimechukua kigezo cha Parnas, mabadiliko, na kukitafutia ushahidi. Na bado zinaona mabadiliko yaliyokwisha kutokea tu. Sheria mpya ya kodi, mteja mpya, kifaa kipya, haviandikwi katika historia ya faili kabla havijafika.

Kwamba mradi mkubwa unaweza kweli kugawanywa upya, na haraka, kumethibitishwa. Netscape iliuachia umma msimbo wa kivinjari chake Machi 1998, ukawa mradi wa Mozilla. Alan MacCormack, John Rusnak na Carliss Baldwin wa Harvard waliulinganisha na Linux kwa kupima badiliko katika faili moja linaweza kufika faili ngapi nyingine. Mozilla ya mwanzo ilikuwa imefungamana zaidi kuliko Linux. Baada ya kusukwa upya mwishoni mwa mwaka huohuo, mfungamano ulishuka hata ukawa mdogo kuliko wa Linux. Kampuni moja yenye wahandisi wanaokaa pamoja ilikuwa imeweza kuishi na msimbo uliosokotana, maana aliyekwama aliweza kumuuliza jirani. Watu waliotawanyika duniani hawakuwa na nafasi hiyo, na mipaka ikabidi iwe ndani ya msimbo. Kilichobadilika ni watu waliotarajiwa kufanya kazi. Zana za kupima zilikuja miaka kadhaa baadaye, kueleza kilichotokea.

Gharama ya kuchelewa kuweka mipaka inaonekana vizuri katika Java. Lugha hiyo ilitoka katikati ya miaka ya 1990, na maktaba yake ya msingi ikakua hadi ikawa faili moja kubwa iliyobebwa yote hata na programu ndogo kabisa. Mradi wa Jigsaw, ulioanza mwaka 2008, ulikusudia kuigawanya. Ulipangwa kwa Java 7, ukahamishiwa 8, ukatoka katika Java 9, Septemba 2017. Njiani ilitengenezwa zana ya jdeps, inayomwonyesha mwandishi programu yake inategemea nini, zikiwamo sehemu za ndani asizopaswa kuzigusa. Kugawanya maktaba lilikuwa jambo la uhandisi, na lilifanyika. Kizuizi kilikuwa watu wengi waliokwisha kujenga juu ya sehemu hizo za ndani. Mei 2017 kamati ya Java iliukataa mpango kwa kura 13 dhidi ya 10, IBM na Red Hat zikiwa miongoni mwa waliopinga. Juni, baada ya mazungumzo na marekebisho, ukapita kwa kura 24 bila kupingwa, huku mmoja akijizuia kupiga kura. Hata hivyo milango ya ndani iliachwa wazi kwa muda, na haikufungwa kabisa hadi Java 17, mwaka 2021. Wapo wanaosema miaka 13 ni ushahidi kwamba kulinda mipaka ni urasimu. Naisoma historia hiyo kinyume chake. Mpaka ambao ungegharimu kompaila sekunde moja mwaka 1996 uligharimu sekta nzima zaidi ya mwongo kwa sababu haukuwekwa wakati huo.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na unastahili kukaa pamoja na hii mingine. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Indiana, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Moi katika kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi magharibi mwa Kenya, waliona kwamba mfumo wao wa kumbukumbu za wagonjwa hautabeba ongezeko la watu. Kutokana na hapo ikaanza OpenMRS, programu huria ya lugha ya Java, iliyowekwa Eldoret mwanzoni mwa 2006 na mwaka huohuo ikaenda Rwinkwavu, Rwanda, kupitia shirika la Partners In Health. Waanzilishi walijua jambo moja kwa uhakika: kliniki mbili hazifanani. Fomu hutofautiana, ripoti za wizara hutofautiana, magonjwa yanayofuatiliwa hutofautiana. Kwa hiyo kiini kilibeba yale yanayodumu, yaani mgonjwa, ziara, kipimo, na kamusi ya dhana za kitabibu, na yanayobadilika yakawekwa katika moduli ambazo kila nchi huongeza au kuondoa. Hata ukurasa wa zamani wa mtumiaji ulitolewa kwenye kiini katika toleo la 2.0 la jukwaa hilo na kufanywa moduli. Juu ya kiini hicho Kenya ilijenga KenyaEMR na Uganda UgandaEMR, bila yeyote kuhitaji kuvunja kazi ya mwenzake. Hakuna algoriti iliyoweza kuchora mpaka huo mwaka 2004, kwa kuwa hapakuwa na msimbo wa OpenMRS wa kuchunguza. Uliwezekana kwa sababu waliouchora walizijua kliniki.

Mfano huu unajibu pia pingamizi la mwisho, kwamba kigezo cha Parnas kinadai utabiri. Hakidai. Kinadai ujuzi wa kazi ambayo programu inaihudumia. Anayejua zahanati anajua fomu zitabadilika, ingawa hajui zitabadilikaje. Anayejua benki anajua viwango na sheria vitabadilika. Utabiri ni kusema kitakachotokea. Kuficha uamuzi ni kujiandaa kwa badiliko lolote la upande fulani bila kulijua mapema. Ndiyo sababu makosa hayaepukiki lakini hupungua pale wanaoijua kazi wanapokaa meza moja na wanaojua msimbo.

Vyuo na kampuni zetu sasa zinarithi programu kubwa, na zitapewa zana za kugawanya zenye uwezo ambao Hutchens na Basili hawakuuota. Ni vyema zitumike: zisome msimbo wote, zionyeshe njia za mkato, zitaje faili zinazobadilika pamoja, zimkatalie anayeruka ukuta. Lakini kabla ya kuziwasha, mradi uandike kwa lugha ya kawaida orodha ya maamuzi unayotarajia yabadilike, na jina la anayemiliki kila uamuzi. Orodha hiyo inaweza kuwa ya ukurasa mmoja. Mradi wa OS/360 ulikuwa na karatasi za unene wa futi tano, na kwa ungamo la Brooks mwenyewe, kigezo sahihi hakikuwamo.